Chungu Hatukukipiga

Karibu, vuta kiti. Mimi kazi yangu ni kufundisha watu kuendesha magari mjini Moshi, kwa hiyo nimezoea kueleza jambo moja mara nyingi bila kukasirika. Ukipitwa na kitu usijali, tutakwenda polepole. Ninachotaka kukueleza ni jinsi mimi na mke wangu tulivyogeuka kuwa watu wanaodhaniwa wamemuua mtoto wao, na jinsi tulivyokaribia kunyang'anywa mtoto wa pili. Si jambo gumu kulielewa. Nitaanza na mahali lilipotokea.

Tunaishi Kilema, juu kidogo ya misheni, kwenye kihamba alichoniachia baba. Kihamba, kama hujawahi kuishi huku, ni shamba lenye nyumba ndani yake: migomba juu, kahawa chini ya migomba, banda la ng'ombe nyuma, na makaburi ya wenyewe pembeni. Upande wa juu anaishi kaka yangu mkubwa. Kati yake na mimi kuna mstari wa masale, ile mimea yenye majani marefu ambayo kwetu ndiyo mpaka. Mtu akikohoa upande wa pili unajua ni nani, na kama ameanza dawa.

Mtoto wetu wa kwanza alikuwa wa kiume, kidato cha tatu, mrefu kuliko mimi, jambo alilonikumbusha kila alipoinama kuingia mlangoni. Jumamosi moja ya msimu wa mvua alichukua mundu na kamba akashuka kukata majani ya ng'ombe. Hakurudi. Tulimtafuta pamoja na majirani, na Jumapili asubuhi watu waliokuwa wanakwenda misa ya kwanza wakamkuta kwenye mfereji. Daktari alisema hakufa maji. Alipigwa kichwani, akawekwa pale baadaye. Hayo ndiyo tunayoyajua. Mpaka leo hayo ndiyo wanayoyajua polisi pia, isipokuwa wao wameyaandika kwenye karatasi nyingi zaidi.

Sasa nikueleze tulivyokosea.

Kila Jumamosi jioni huwa naosha gari la kufundishia. Ni gari langu, kuukuu, lina breki ya pili upande wa mwalimu na kibao cha L juu ya paa, na wiki nzima linakanyaga tope la watu wanaojifunza kurudi nyuma. Jumamosi ile niliosha kama kawaida, huku nikinung'unika kwamba kijana amechelewa makusudi ili asisugue matairi. Nilisugua mwenyewe. Jirani aliyepita njiani aliniona, na baadaye akawaambia wenzake kwamba nilisugua matairi sana. Ni kweli. Yalikuwa machafu.

Kosa la mke wangu lilikuwa la ng'ombe. Kwetu ukifiwa hugusi kazi ya banda. Majirani wanakuja, wanakata majani, wanakamua, wanazoa samadi, nawe unakaa unaomboleza. Hakuna anayepanga, huwa inatokea tu. Lakini msiba wetu ulijaza watu mno, na kila mmoja akaamini kwamba mwenzake ameshakamua. Siku ya mazishi, padri akiwa katikati ya sala, ng'ombe akaanza kulia. Alilia kwa namna ambayo mfugaji yeyote anaijua: kiwele kimejaa na kinauma. Watu wakatazamana. Hakuna aliyesimama. Mke wangu akainuka na kanga zake za msiba, akaenda bandani, akakamua, akaiweka ndoo jikoni na kuifunika, kisha akarudi kukaa karibu na jeneza. Ng'ombe akanyamaza. Padri akaendelea.

Jioni ile ile ilishaanza kusemwa: mama gani anakamua siku anayomzika mwanawe? Ningeulizwa ningejibu kwamba ni mama mwenye ng'ombe.

Na kosa langu kubwa ndilo hili. Tulipomaliza kutupia udongo, wazazi kwanza na wengine baadaye, watu wa mjini wakaanza kuondoka. Gari la mbele likazama kwenye tope pale njia inapotokea barabarani, na kijana aliyekuwa kwenye usukani akawa anakanyaga mafuta kwa nguvu zake zote. Matairi yanazunguka, tope linaruka mpaka kwenye nguo za akina mama, magari yote nyuma yamekwama. Nilisogea. Sikuamua kusogea, ila ukifanya kazi kama yangu miguu inakwenda yenyewe. Nikasimama mbele ya lile gari, bado nina udongo wa kaburi mkononi, nikamwambia:

"Toa mguu kwenye mafuta. Vizuri. Weka gia ya pili. Achia klachi polepole. Polepole... hapo hapo, usiogope, linakuja. Umeona? Safi kabisa!"

Gari likatoka. Nikapiga boneti kofi la pongezi. Na nikatabasamu. Hilo siwezi kulikana kwa sababu linaonekana.

Mtu alikuwa ameshika simu. Video ile ni fupi sana, na imefika mbali kuliko mimi nilivyowahi kufika. Ilianzia kwenye magrupu ya kijijini, ikashuka Moshi, ikaenda Dar, na shemeji yangu anayeishi ng'ambo akatumiwa na mtu asiyemjua. Chini yake paliandikwa: "Baba wa marehemu, siku ya mazishi." Sauti yangu ya kufundishia, nikueleze tu, haina msiba ndani yake. Nimeitengeneza kwa miaka mingi ili kutuliza watu wanaotetemeka, na siku ile ilitoka yenyewe kwa sababu yule kijana alikuwa anatetemeka. Lakini ukiisikiliza bila kunijua, unamsikia mtu ambaye hajapoteza kitu.

Polisi walituchukua wote wawili, wakatuweka vyumba tofauti. Mpelelezi aliyenipata alikuwa mtu mstaarabu. Aliniwekea video mezani.

"Mzee, hapa unacheka."

"Natabasamu. Gari limetoka kwenye tope."

"Mtoto wako amezikwa sasa hivi."

"Ndiyo. Na lile gari lilikuwa limeziba njia."

Akaandika. Akaniuliza nilikuwa wapi, nilivaa nini, nilipita lini kwenye daraja la chini, karibu na ule mfereji, kama niligombana na kijana kuhusu shule, kama mke wangu hupandwa na hasira. Nilijibu yote. Nilijibu kwa utaratibu, na nadhani hilo pia halikunisaidia, maana mtu mwenye majonzi hategemewi kujibu kwa utaratibu. Siku tulipoachiwa alinisindikiza mpaka getini, akaniambia uchunguzi unaendelea, kisha akauliza kama gari la gia ni gumu kujifunza kuliko otomatiki. Nilimwambia aanze na la gia. Ukiliweza hilo, otomatiki itakuwa mapumziko.

Tuliporudi nyumbani, hakuna aliyetutukana. Hilo naomba ulielewe, kwa sababu watu wengi hudhani kushukiwa kunakuja na kelele. Kwetu kulikuja na adabu. Wateja wa maziwa walimwambia mke wangu kwamba watoto wao wameacha kunywa maziwa, wote kwa pamoja. Jumuiya yetu ya kanisa husali kila wiki nyumba moja baada ya nyingine, na zamu yetu ikarukwa, ikarukwa tena, bila mtu kusema imerukwa. Tukienda kusali kwa wengine, kulikuwa na nia iliyoongezwa mwishoni: tuwaombee wote wenye siri nzito mioyoni, Bwana awape ujasiri wa kuzitoa. Tulikuwa tunaitikia pamoja na wengine, "Ee Bwana, utusikie." Ungefanyaje? Ni sala nzuri.

Mjini wanafunzi wangu walipungua. Kujifunza gari maana yake ni kukaa peke yako na mwalimu kwenye chombo kilichofungwa milango, na nilielewa kwa nini mtu angesita. Aliyebaki kwa muda mrefu alikuwa mama mmoja anayeuza mitumba Pasua, mwenye mdomo usiopumzika na mguu mzito kwenye mafuta.

"Mwalimu," aliniambia siku moja tukiwa tunakaribia katikati ya mji, "wenzangu sokoni wanasema nitakuja kuokotwa mtaroni."

"Na wewe unawaambiaje?"

"Nawaambia mwalimu akitaka kuniua hana haja ya kujichosha. Aniache tu mwenyewe pale kipilefti."

"Weka indiketa."

"Naweka. Ila nikifa leo ni wewe."

"Hiyo ni wipa."

Nilicheka. Nilipomaliza kucheka niliangalia nje kama kuna mtu ameshika simu.

Kwa hiyo unaona mambo yalivyokuwa yanakwenda. Tungeweza kuishi hivyo. Mtu anaweza kuishi bila wateja wa maziwa. Lakini tulikuwa na binti, wa darasa la nne, na mwezi wa kumi na mbili ukafika.

Desemba kwetu watu wote hurudi. Wa Dar, wa Arusha, wa Mwanza, wanapanda mlima na watoto wao na magari yao, kila ukoo unachinja, na mambo yaliyosubiri mwaka mzima yanazungumzwa. Mwaka ule jambo lililosubiri tulikuwa sisi. Tuliitwa kwa kaka yangu mkubwa, ng'ambo ya masale. Wazee walikuwa wamekaa uani, mbege, pombe yetu ya ndizi, ipo, vijana wamesimama nyuma. Kaka yangu alianza.

"Mdogo wangu, watu wanasema."

"Wanasema nini, kaka?"

"Wanasema."

"Nasikiliza."

"Wewe unajua wanachosema. Usinifanye nikitamke mbele ya wazee." Akafuta midomo. "Dawa ipo. Pigeni chungu. Wewe na mkeo, mbele ya ukoo. Mkikipiga, kila mdomo utafungwa."

Hapa nisimame nikueleze chungu. Si cha kupikia. Ni chungu cha kuapizia, kinatunzwa na wazee wachache wanaojua maneno yake. Umedhulumiwa, umeibiwa, umeuliwa mtu wako, na mhalifu hajulikani: unakwenda, kinapigwa, maneno yanasemwa, na aliyefanya kitu kile anaanza kumalizika. Anaanza yeye, wanafuata watoto wake, wanafuata wajukuu. Inaweza kuchukua miaka. Kanisa linakataza, na baadhi ya wanaokisimamia wanapokea komunyo kila Jumapili. Uzuri wa chungu, ukilinganisha na polisi, ni kwamba hakihitaji ushahidi. Ubaya wake ni huo huo.

Kwa upande wetu hesabu ilikuwa rahisi. Mtu aliyemuua mwanawe hawezi kukipiga, maana atakuwa anajiapiza mwenyewe. Asiye na hatia atakipiga na kwenda zake nyumbani.

"Na tusipokipiga?" niliuliza.

"Basi yule binti hawezi kulala chini ya paa lenu. Atakwenda kwa shangazi yake Tarakea. Ukoo huu hauwezi kuzika mara mbili."

Utaniuliza ukoo una haki gani ya kumchukua mtoto wangu. Kisheria hauna. Lakini usiniulize kama mtu wa mjini aliyefunga geti. Njia ninayopita ni yao, maji ya mfereji tunagawana, kaburi la kijana wangu liko kwenye ardhi ya babu yao na wangu. Na kuna jambo jingine. Shuleni wenzake walishamwonyesha binti ile video wakati wa mapumziko. Mke wangu mwenyewe, hata kabla ya kikao, alikuwa ameanza kusema, akiwa anakoroga uji na bila kuniangalia, kwamba labda mtoto angepumua akiwa kwa shangazi yake.

Mimi nilikuwa tayari kupiga. Nakwambia wazi. Ningekipiga kwa mikono miwili, asubuhi na jioni. Nilifungua mdomo kusema ndiyo, na mke wangu akasema kabla yangu.

"Shemeji, samahani. Chungu kile kinampiga nani?"

"Aliyefanya," kaka yangu akajibu.

"Na nani mwingine?"

"Na wa kwake. Uzao wake. Ndivyo kilivyo, wewe ni mtu wa huku, unajua."

"Watoto wake wamefanya nini?"

Mzee mmoja aligeuza kibuyu chake akakiangalia chini.

"Basi mimi sikipigi," akasema mke wangu. "Mimi nimezika. Sitamwombea mama mwingine azike, hata kama mumewe ndiye aliyeniulia mwanangu. Mnisamehe, wazee."

Sauti ikatoka nyuma kwa vijana: "Anajua kitampiga nani."

Wengine wakaguna. Kaka yangu hakumkemea aliyesema. Nami, niliyekaa naye benchi moja, bega kwa bega, niliyelala naye kitanda kimoja miaka yote hiyo, nikamtazama kwa pembeni. Hakuna aliyeniona. Ni kitu kidogo sana, wala hakikuchukua muda. Nikarudisha macho mbele, nikasema nasimama na mke wangu.

Ikaamuliwa kwamba binti ataondoka kabla ya shule kufunguliwa. Dada yangu wa Tarakea hakuwepo kwenye kikao kwa sababu anafanya biashara ya maharage mpakani na Desemba ndiyo msimu wake. Walimpigia simu. Alijibu kwamba atakuja kumchukua siku ambayo hakuna gulio.

Mke wangu alipanga begi. Sare, sweta mbili, kandambili, daftari ambazo hazijajaa. Binti alikaa kitandani akimwangalia.

"Baba, nani atafagia kwa kaka?" aliniuliza. Tangu tumzike kijana, yeye ndiye aliyekuwa anaondoa majani ya migomba juu ya kaburi.

"Mimi nitafagia."

Akafikiri. "Wewe unafagia vibaya. Unayasukuma tu pembeni."

Nilimwomba anifundishe. Alinionyesha: unaanzia kichwani, unakwenda miguuni, na majani unayapeleka bandani kabisa, huyaachi karibu. Nilijaribu. Akasema angalau nimejitahidi. Ni maneno ninayowaambia wanafunzi wangu wanapogonga koni.

Dada yangu alifika adhuhuri. Yeye ni mkubwa kwangu, mdogo kwa kaka, na sauti yake hufika kabla yake.

"Hodi wenyeji! Hata mbwa wa kunibwekea hamna?"

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Mbona umekonda hivyo? Umekuwa ufito wa kuegemezea mgomba." Akamgeukia mke wangu aliyekuwa jikoni akiangalia chungu cha machalari, zile ndizi za nyama. "Wifi, huyu unamlisha au unamwonyesha tu chakula?"

"Shikamoo wifi. Karibu, chakula kiko karibu kuiva."

"Marahaba. Kitangoja."

Binti akaja akamwamkia. Dada akampapasa kichwa, akaliona begi limesimama mlangoni, akalizunguka kama mtu anayezunguka dimbwi. Halafu akamwambia mtoto aende bandani akamwangalie ng'ombe. Mtoto akasema ng'ombe ni mzima. Dada akamwambia akamwangalie hivyo hivyo.

Tukabaki watatu jikoni. Hakukaa.

"Njia nzima kutoka Tarakea nimekuwa nafikiri nitalisemaje hili," alisema. "Nimekosa namna nzuri. Kwa hiyo nitalisema vibaya. Wewe, mdogo wangu. Ulimuua mtoto wako?"

Naomba unielewe hapa. Nilikuwa nimeulizwa nilikuwa wapi. Nilikuwa nimeulizwa nilivaa nini na kwa nini nilitabasamu. Nilikuwa nimeombewa, nimerukwa, nimetaniwa, nimeitwa kikaoni. Sentensi ile hakuna mtu aliyekuwa amenipa, wala polisi. Ilikuwa kama mtu ameniwekea kitu kizito mkononi, nikagundua kwamba mkono unakiweza.

"Sikumuua, dada."

"Unamjua aliyemuua?"

"Simjui."

"Sawa. Na wewe, wifi? Ulimuua?"

Nilimgeukia mke wangu. Hapo ndipo nilipojua kwamba nilikuwa nalingoja jibu lake. Nilikuwa nimelingoja tangu kikaoni, na labda tangu kabla, kwenye chai, kanisani, kitandani, bila kujiambia. Mikono yangu ilikuwa imeshika ukingo wa meza.

Akaweka mwiko chini. "Sikumuua. Na simjui aliyemuua. Ningemjua ningepiga yowe mpaka Kenya wakaja kuuliza kuna nini."

Aliposema hayo hakuwa anamwangalia dada yangu. Alikuwa ananiangalia mimi. Nikaona kwamba na yeye alikuwa amelishika jibu langu kwa namna ile ile, na ndiyo kwanza anaachia pumzi.

"Hukuwahi kuniuliza," aliniambia.

"Na wewe hukuwahi."

"Niliogopa."

"Hata mimi."

"Hayo mtamalizia nikiondoka," alisema dada. "Mimi nina njaa."

Lakini hakukaa bado. Mke wangu alikuwa ameanza kulia, kilio ambacho wengi walikitaka siku ya mazishi, na hakikuwa na mtu wa kukipiga picha. Dada akamshika bega, akanigeukia.

"Usidhani mimi ni mjinga. Mwongo naye angenijibu hivyo hivyo. Maharage nimeuziwa mabovu na watu waliokuwa wananiangalia machoni. Ila sasa nimewauliza na mmenijibu. Kama nimedanganywa, nimedanganywa na ndugu zangu, nyumbani kwao, mdomo kwa mdomo. Hilo naweza kulibeba. La kwenye simu siwezi kulibeba, sijui hata lina mpini wapi. Wewe, lile begi lirudishe ndani. Linaziba mlango."

Alikula sahani mbili. Kisha akavuka masale kwenda kwa kaka, na kwa kuwa sauti yake ni ile niliyokueleza, hatukuhitaji kwenda naye.

"Kaka, shikamoo. Umewauliza?"

"Niwaulize nini? Kila mtu anajua kwamba..."

"Nimekuuliza wewe umewauliza?"

Tukamsikia kaka akikohoa.

"Mnamtoa mtoto nyumbani kwao na hamjauliza?"

"Mtu haulizwi kitu kama hicho, dada yangu. Ni aibu."

"Ah. Kumchukua mtoto si aibu ila kuuliza ni aibu." Tukasikia kiti kikiburuzwa. "Basi mimi sina aibu. Nimewauliza. Mtoto anabaki. Anayemtaka aje kwangu Tarakea siku ya gulio, nitamjibu nikiwa nimeshika jiwe la mizani."

Aliondoka na mkungu wa ndizi begani mwa kijana wa gari lililomleta, na bila mtoto. Hakuna aliyekwenda Tarakea kumtaka. Kaka yangu hakusema ukoo umebadilisha uamuzi, ila hakuutaja tena, na kwetu kutotaja ni njia mojawapo ya kubadilisha. Shule ilipofunguliwa, binti alivaa sare yake akashuka njia ile ile. Walipomwonyesha tena video aliwaambia kwamba lile gari kweli lilikuwa limekwama, na kwamba baba yake anajua kulitoa.

Nisikudanganye kwamba yaliisha. Aliyemuua mwanangu hajajulikana. Inawezekana nimewahi kumfundisha gari. Inawezekana anatuitikia tunaposali. Zamu ya jumuiya ilirudi kwetu mara moja, wakaja wachache, wakakaa karibu na mlango, wakanywa chai. Mama wa Pasua alipata leseni, na mimi mwenyewe sijui ni kwa namna gani. Kaka yangu huja siku hizi, anasimama ukingoni mwa uwanja, anaulizia hali ya ng'ombe. Namwambia ng'ombe ni mzima. Anasema vizuri. Anasimama kidogo tena, mdomo unafunguka, unafungwa, kisha anavuka mpaka anarudi kwake. Simkasirikii. Ameshajua klachi iko wapi, bado tu hajaikanyaga. Nitamngoja, nina subira.

Mimi na mke wangu tunaulizana sasa. Si lile swali tu, hata madogo. Ulilala? Umemkumbuka leo? Ulipokuwa unakamua siku ile, ulikuwa unawaza nini? Alinijibu kwamba alikuwa anawaza mikono yake ni baridi na ng'ombe atashtuka.

Wewe umenisikiliza mpaka hapa, na umefanya vizuri, kwa hiyo nikuachie kazi moja tu, na unaiweza. Kama karibu na kwenu kuna nyumba inayosemwa kama ilivyosemwa yetu, nenda kesho, mchana, mikono mitupu. Bisha hodi. Ukikaribishwa, ingia, sema swali lako lote kwa maneno yake yenyewe, halafu nyamaza mpaka wamalize kujibu.